CD ya Pili Inatangulia

Nilimsikia akifa mara nyingi kabla sijamwona uso. Meza yangu ya uji na karanga ilikuwa imeegemea ukuta wa bati wa banda lake la video, hapa Bariadi, na yeye alikuwa upande wa pili wa bati ameshika kipaza sauti. Alikufa kama mwanamke, akafa kama mzee wa Kizungu, akafa kama mbwa. Akimaliza kufa alikohoa kidogo, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Nani kafungua mlango? Mwanga unaingia," halafu akaendelea kufa.

Watu walimwita Mkalimani. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitamka mbele yake na sioni kwa nini nianze kulitumia kwenye karatasi. Naandika habari zake kwa sababu sauti ile haipo tena. Yeye mwenyewe yupo, yuko kwake Ngulyati, anakunywa uji, anaota jua. Sauti ndiyo waliyoiondoa hospitali huko Mwanza, pamoja na ugonjwa uliokuwa kooni. Mimi niliishia darasa la saba na sijui kama sauti ya mtu inaandikika. Nitajaribu.

Kwa asiyejua kazi yake, ilikuwa hivi. Mabanda mengine ya mjini yalionyesha mpira, ngumi na vita. Yeye alionyesha filamu za kutisha, tena za zamani, zile zilizotengenezwa na watu wasiokuwa na kitu. Mazimwi ya mpira. Popo ananing'inia kwenye uzi na uzi wenyewe unauona. Mzuka kajifunika shuka, na chini ya shuka kavaa viatu vya kamba. Damu nyepesi kama sharubati. CD zake aliletewa na akina mama wa dagaa wa Lamadi. Wakienda Mwanza walimkusanyia mfuko mzima bila kuangalia ndani kuna nini, na yeye alikuja kuzichambua mezani kwangu kama mtu anayechambua mchele. Iliyokuwa na jalada zuri aliitenga.

"Hawa wana fedha, mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Hawa watatutisha kweli. Tuwaachie wenyewe."

Filamu ikianza, alipunguza sauti ya wenyewe na kuweka ya kwake. Alieleza kwa Kiswahili, na pale ambapo Kiswahili kilichelewa aliweka Kisukuma. Kizungu hakukijua. Sisemi hivyo kumchongea, kila mtu alijua na yeye hakuficha. Alisikiliza mtu analia vipi, au anabembeleza vipi, akatunga. Kwa hiyo filamu moja ilikuwa na maneno mengine kila ilipoonyeshwa. Wazungu wake waliitwa Masanja na Nyamizi, walilima pamba, walikuwa na shemeji mlevi kule Maswa, Nyalikungu, ambaye hakuonekana hata siku moja lakini ndiye aliyelaumiwa kwa kila kitu.

Mimi niliingia ndani kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nimefunika karanga kwa khanga na maji yanapita, akatoa kichwa mlangoni akasema, "Mayu, ingia, utalowa kama zimwi letu." Nikaingia na beseni langu. Ndani kulikuwa na mabenchi, joto, na harufu ya watu waliotoka mnadani na ng'ombe. Kwenye televisheni zimwi lilikuwa linatoka bwawani, limejaa majani, mikono mbele. Na kwenye mkono wa kushoto lilikuwa limevaa saa.

"Mnamwona?" alisema Mkalimani kwenye kipaza. "Anaangalia saa. Leo ana mnada, hataki kuchelewa."

"Mwambie mnada ulikuwa jana!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Ulikuwa jana? Ndiyo maana amekasirika."

"Na zipu ya mgongoni je, Mkalimani?"

"Zipu ni ya kupitishia hewa. Wewe ukipulizia dawa ya pamba na pampu mgongoni, hujifungui shati?"

Nilicheka mpaka karanga zikamwagika. Nilikuwa nimewaza miaka ile yote, kwa kusikia tu, kwamba mle ndani kuna jambo la kutisha sana. Kumbe lilikuwa hilo. Nilipotoka nilijisikia mwepesi, na sikujua kwa nini, maana nyumbani mambo yalikuwa vilevile.

Baadaye nilimuuliza kwa nini anapenda mbovu. Nadhani nilimuuliza vibaya, kwa sababu alimenya karanga zangu nyingi bila kuzila. Kisha akasema, "Mle ndani ya lile zimwi kuna mtu. Ana joto. Haoni mbele, matundu ya macho wamemkatia vibaya. Amesahau hata kuvua saa. Na bado anatembea kuja kututisha. Filamu nzuri humwoni yule mtu. Hii unamwona."

Hilo la mtu wa ndani hakulifanyia mchezo. Kuna siku kijana mmoja alisonya akasema, "Takataka hii." Mkalimani alisimamisha filamu, akawasha taa.

"Nani kasema takataka? Simama."

Kijana akasimama.

"Umewahi kutengeneza zimwi, wewe?"

"Hapana, Mkalimani."

"Hata la udongo?"

"Hapana."

"Basi kaa. Kucheka cheka, nimekuitia hilo. Lakini cheka kama unavyomcheka shemeji yako. Usicheke kama unavyomcheka mwizi kakamatwa."

Akazima taa. Kijana alikaa, na kwa kusema haki, alicheka vizuri mpaka mwisho.

Alizilinganisha filamu zake na watani wa msibani. Sisi huku, msiba ukiwa mzito, watani wanakuja wanavaa koti la marehemu, wanatembea kama alivyotembea, wanadai chakula kama alivyokuwa akidai, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado hayajakauka. Alisema watu wale wa filamu ni watani wa kifo, basi. Wamevaa koti lake wakaenda nalo kwenye kamera.

Lakini yeye mwenyewe msibani alikuwa mtu wa tabu. Hili nalisema kwa sababu nisipolisema nitakuwa nimechora nusu. Kuchanja kuni za msiba alichanja, kubeba viti alibeba, kaburi alichimba, na alichimba kwa nguvu kuliko vijana. Lakini ukifika wakati wa kupita kumuaga marehemu, humwoni. Alikuwa nyuma ya nyumba anatafuta koleo ambalo halijapotea. Alipofariki kaka yake mkubwa wa kuzaliwa naye, hakuingia chumbani hata siku hiyo. Watu walimsema sana. "Anaonyesha maiti kila siku, ya kaka yake imemshinda." Wapo walioona ni dharau. Mimi sidhani ni dharau, ila siwezi kuapa.

Mkewe aliniambia jambo lingine. Alikuwa mama mpole, mwanakwaya wa kanisani, na mchana fulani alikuja kukaa kwenye benchi langu, akaagiza uji, akaushika tu mpaka ukapoa. Siku nyingine tena akaja. Nikadhani ana shida nami. Mwishoni nikamuuliza.

"Nakuja kumsikiliza," alisema, akaonyesha bati kwa kidevu.

"Si unamsikia nyumbani, mama?"

"Nyumbani?" Akacheka kidogo. "Nyumbani ni bubu yule. Akiingia ni ugali, rozari, kulala. Wajukuu wakimwomba hadithi anawaambia wamuombe bibi yao. Maneno yote anawamalizia hawa wafu wake. Sasa mimi nifanyeje? Nakuja huku."

Ikawa hivyo. Miaka mingi mama yule alikaa upande wangu wa bati akimsikiliza mumewe akiwa Masanja, akiwa Nyamizi, akimbembeleza Nyamizi kwa maneno ambayo, alivyoniambia mwenyewe, hakuwahi kuambiwa. Hakuingia ndani. Mumewe alijua yuko pale? Nafikiri alijua. Kuna maneno ya mapenzi aliyoyasema karibu sana na bati.

Sasa niseme habari ya zile CD mbili, maana ndizo zilizomfanya ajulikane mpaka vijijini.

Filamu ile ya zimwi la bwawani ilikuwa kwenye CD mbili, na wino wa namba ulikuwa umefutika kabla haijafika kwake. Mara ya kwanza kuionyesha alianza na ya pili bila kujua. Watu wakaona familia katika nyumba kubwa, na zimwi likawachukua mmoja mmoja, baba, mama, bibi, watoto, hata mpishi. Mwisho nyumba ikabaki tupu, mlango unapigwa na upepo. Mkalimani akawaomboleza, akatia CD iliyobaki akidhani ni mwendelezo. Gari likaja. Mlango wa gari ukafunguliwa, na wale wale wakashuka, wazima, wanacheka, na mizigo.

Mimi nilikuwa nje siku hiyo. Nilisikia kimya. Mkalimani hakuwa na neno, na banda zima halikuwa na neno. Halafu sauti yake ikatoka polepole: "Wamerudi." Kimya tena. "Jamani, si mnawaona? Wamerudi. Zimwi limewaachia. Na mizigo yao limewarudishia. Bibi, karibu. Shuka taratibu, bibi."

Banda lililipuka. Watu walipiga bati, walipiga mabenchi, mwanamke mmoja alipiga vigelegele kama yuko harusini. Na CD ile iliendelea, wakazunguka nyumba, wakashtuka hapa na pale, zimwi likachungulia na saa yake na sasa hakuna aliyeliogopa. Mwishoni wote wakakaa mezani kula. Baba akasimama na glasi mkononi, akafungua mdomo aseme neno, na hapo hapo CD ikaisha.

Neno hilo la baba, Mkalimani alilitia mwenyewe. Siku ile alisema, "Nani kakaa kwenye kiti cha bibi?" Siku nyingine ilikuwa, "Kesho tunapanda, kila mtu alale mapema." Mwaka wa ukame alisema, "Huko tulikotoka mvua inanyesha, tumewabebea." Watu walikuja kwa neno hilo. Walikuwa wanaijua filamu yote, wanamwambia zimwi apite wapi, lakini baba akisimama na glasi walinyamaza.

Alikuja baadaye mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni huku, mtu wa adabu. Alikaa mpaka mwisho, kisha akamfuata Mkalimani mezani kwangu.

"Mzee, samahani. Filamu umeigeuza. Nimesikiliza Kiingereza chao. Ile ya kuwasili ndiyo ya kwanza."

"Una hakika, mwalimu?"

"Nina hakika."

Na alikuwa sahihi. Wapo waliomchukia mwalimu yule, mimi naona waliomchukia walimwonea. Mkalimani hakumchukia. Alimshukuru, na siku ya mnada iliyofuata akaweka filamu kama ilivyotakiwa. Niliingia kuona. Wakafika, wakala, baba akasimama na glasi, kisha ikaja CD ya kufa. Wakaisha wote. Mlango ukapigwa na upepo, maandishi yakapanda. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeinuka. Watu walikaa na mikono kwenye magoti kama wako kwenye benchi la hospitali.

Mbele kulikuwa na mama mmoja mzee aliyetoka Sola na mbuzi wake wa kuuza. Alisema bila kupaza sauti, "Baba, warudishe."

Mkalimani akamwangalia mwalimu, maana mwalimu naye alikuwepo.

"Rudisha tu, mzee," mwalimu akasema.

Akairudisha ile CD ya kuwasili, gari likaja, wakashuka. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena. Mtu akichungulia mlangoni kutaka kujua imefika wapi, Mkalimani alimwinulia vidole viwili: CD ya pili, kaa, bado wanakufa. Akiinua kimoja, maana yake wamerudi.

Sijui filamu mbovu inampa nini mtu. Wenye shule wataeleza. Mimi najua tu kwamba mle ndani nilimwona mzee aliyezika watoto akiliambia zimwi la mpira, "Pita huko, umesahau zipu," na akacheka. Zimwi zuri lisingekubali kuambiwa hivyo.

Umeme ukikatika, mabanda mengine watu walidai chao wakaondoka. Siku moja ulikatika kwake katikati ya kifo cha bibi, na jenereta ilikuwa imeharibika. Mkalimani hakunyamaza. Aliendelea bila picha, bila kipaza, gizani, mchana wa jua kali nje. Alimmaliza bibi, akamwita mpishi, akafungua milango, akamtoa zimwi majini kwa mlio wa kunyonya mate. Akafika mezani, baba akasimama, akasema neno. Walitoka wanafuta macho kwa sababu ya mwanga, wanabishana bibi alivaa gauni la rangi gani. Hakuna aliyekumbuka kwamba hawakuona kitu. Mkewe alikuwa kwenye benchi langu. Alisema, "Umesikia, mayu? Bila mashine." Alisema kama anayejisifia mali yake.

Sauti ilianza kukwaruza msimu mmoja wa kuuza pamba, wakati watu wa vijijini wanajaa mjini. Na hapa ndipo panaponiuma kuandika. Watu waliipenda. Ilikuwa nzito, ina mchanga ndani yake, na zimwi halikuwahi kuwa na sauti nzuri namna ile. "Mkalimani leo kafa vizuri!" walimwambia wakitoka, wakampiga begani. Yeye aliwashukuru kwa kichwa. Nikimtilia uji niliona anameza kwa kuinamisha shingo upande, kama kuku anapokunywa maji. Nilimchemshia tangawizi. Wengine walimpa asali, wengine mizizi. Kila mtu alitoa alichonacho na hakuna kilichofaa.

Hospitali ya hapa walimtuma Mwanza. Mwanza walimpima, wakamwambia wazi, na kwa maelezo ya mkewe walimwambia kwa upole: kuna kitu kooni, kikiachwa kitamuua, kukitoa ni kutoa na sauti. Akarudi nyumbani. Akafungua banda.

Mkewe alikuja mezani kwangu, hakuagiza uji.

"Mayu, wewe anakusikiliza. Mwambie aende."

"Mama, mimi ni nani? Kama wewe umemshinda…"

"Mimi hanijibu. Wewe anakujibu. Mwambie."

Nikamngoja atoke. Alikaa kwenye benchi, akachukua karanga, akazimenya, akaziweka tena kwenye sahani.

"Baba, nenda ukatibiwe."

"Nitaenda. Pamba ikiisha."

"Pamba haiishi. Kila mwaka kuna pamba."

"Na wewe umetumwa."

"Nimetumwa, ndiyo. Lakini na mimi nasema."

Alitabasamu. Ile sauti, ilivyokuwa imebaki, ikasema, "Wakinikata, mayu, hawa nani atawasemea? Masanja atasimama na glasi yake, afungue mdomo, halafu?"

Nilijua kuna jibu zuri, mtu mwingine angelipata hapo hapo. Nikasema, "Watakula tu bila kusema."

"Watu hawawezi kula bila kukaribishwa," akasema, akainuka akaingia ndani. Baada ya muda nikamsikia akifa.

Alienda ugali uliposhindwa kupita. Waliporudi kutoka Mwanza walipitia mjini, gari likasimama karibu na meza yangu, nikamwona kwenye kiti cha mbele, kitambaa cheupe shingoni. Nilinyanyua mkono. Alinyanyua wa kwake. Mkewe kiti cha nyuma aliniangalia tu.

Banda sasa ni la mtu anayetengeneza simu. Vijana wanatazama filamu zao mkononi, na zinatisha kweli. Mmoja alinionyesha, sikulala vizuri. Siwalaumu. Filamu ni nzuri, uzi hauonekani popote.

Nilichelewa kwenda kumwona, na nilipokwenda ilikuwa mchana, baada ya mvua za kwanza, Ngulyati watu wako mashambani. Nilibeba unga wa ulezi. Karanga nilizipima nikaziacha, sikujua kama anaweza. Alikuwa sebuleni, kwenye kiti chenye mito, amekonda lakini amenyoa ndevu vizuri kama zamani. Nikasema, "Mwadila, baba."

Salamu yetu ni ya kujibizana. Unasema mwadila na mwenzako anasema mwadila, halafu unauliza ya nyumbani, ya mifugo, ya watoto, na kila moja ina jibu lake. Nilisema la kwangu, likabaki hewani. Akanyanyua mkono. Kwenye shingo, chini ya kitambaa chepesi, kulikuwa na tundu, na pumzi ilikuwa inapita pale. Mkewe akajibu kwa niaba yake, "Mwadila, mayu," na ya mifugo akajibu, na ya watoto. Tukamaliza salamu hivyo, watu wawili kwa niaba ya watatu.

Jikoni, nikimsaidia kukoroga uji, mama aliniambia, "Tangu turudi hajacheka. Watu wanakuja, wengine wanampigia kelele kama kiziwi, wengine wananong'ona kama kaburini. Wamempa na daftari aandike. Ameandika 'maji', basi." Akapunguza moto. "Nilizoea bubu wa nyumbani, mayu, kwa sababu nililijua benchi la kwenda kumsikia. Sasa niende wapi?"

Nilikoroga.

Mkalimani alikuwa ameleta nyumbani televisheni ya bandani na CD zake, zote kwenye boksi la biskuti. Nilirudi sebuleni nikalivuta boksi, zaidi kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono. Nikaipata filamu ile. Nikamwonyesha. Hakukataa wala hakukubali. Nikawasha mashine, nikashika CD mbili zisizo na namba, sijui ipi ni ipi, nikamwonyesha moja. Aliiinua kwenye mwanga akaiangalia, akatikisa kichwa. Nikamwonyesha nyingine, akainua vidole viwili.

Ikaanza. Wakaanza kufa kwa Kizungu, sauti zao wenyewe, na zilikuwa sauti nyembamba za ajabu. Sikuwahi kuzisikia. Nilimtazama, alikuwa anaangalia sakafu. Nikapunguza sauti, kama yeye alivyokuwa akifanya, nikasema, "Huyu… huyu ni Masanja. Anaenda kuangalia nini kimelia nje."

Akanyanyua macho.

Nilieleza vibaya. Nilichelewa, mtu alikuwa ameshakufa mimi bado namfungulia mlango. Nilimwita Nyamizi kwa jina la bibi na bibi kwa jina la mpishi. Zimwi lilipotoka nilisahau neno la saa, likapita, nikalikumbuka limeshazama. Shemeji wa Nyalikungu nilimlaumu mahali ambapo hakuna kosa lililofanyika. Mkalimani alikuwa akinionyesha kwa kidole: pale, uzi. Pale, zipu. Nikasema uzi, nikasema zipu. Mlango ukapigwa na upepo. Nikabadilisha CD.

"Wamerudi," nilisema. Hilo nililiweza.

Wakazunguka nyumba, wakakaa mezani. Baba akasimama na glasi. Mkalimani aliacha kuangalia televisheni akaniangalia mimi, na nikajua ananingoja, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu chochote. Miaka yote ile nyuma ya bati, maneno yote yale, na hakuna hata moja lililokuja. Baba akafungua mdomo.

"Uji," nikasema. "Uji unapoa."

CD ikaisha, picha ikawa ya bluu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kichwa kikaenda nyuma, macho yakafumba, na kwenye tundu la shingo pumzi ikawa inatoka kwa vipande vipande, inapiga mluzi. Niliinuka, nikakaa, nikainuka. Sikujua kama nimshike. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mkewe alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama mlangoni, akamwangalia mumewe, akaniangalia mimi.

"Anacheka?" aliuliza. "Mayu, anacheka?"

Ningependa kuandika kwamba nilisema ndiyo. Alikuwa anataka ndiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kuombwa. Lakini kukohoa nako kunafanana hivyo, na kukosa hewa nako. Nikamgeukia yeye anijibie, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote nikishindwa neno, nikasahau kwamba hawezi.

Pumzi ilimrudia taratibu. Alijifuta macho kwa kiganja, akamwangalia mkewe aliyekuwa bado mlangoni, akamwonyesha kiti kando yake. Mama akakaa, mwiko mapajani. Kisha Mkalimani akanigeukia mimi, akainua vidole viwili.

Nikainuka kwenda kuweka CD ya pili, bila kujua safari hii nitasema nini.